Jani la Kupimia

6 Februari
Miaka miwili, miezi mitano na siku moja tangu niondoke

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea mgawie Chiriku nusu. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Ukiniona ninavyoamka asubuhi utadhani naokota kitu kilichoanguka. Chumbani bado tuko wanne, na yule anayekoroma amehamia kitanda cha juu yangu, kwa hiyo sasa ananikoromea kutoka juu.

Kifurushi chako kilifika katikati ya Januari. Soksi zimenitosha. Tumbaku ndiyo usiseme. Sigara za madukani huku zina ladha ya karatasi, lakini hii uliyoikausha mwenyewe kutoka kijishamba cha nyuma ya jiko, nikifungua tu mfuko nahisi nimekaa kizingitini kwako. Naisokota kidogo kidogo ili idumu.

Kazini bado niko banda la pili, lile la nailoni, nyanya tupu kutoka mlango hadi mlango. Mistari yangu ni wa kumi na mbili hadi wa kumi na tano. Kila mche umefungwa kamba hadi juu, na kazi yangu ni kuondoa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani, yasije yakala nguvu ya matunda. Tunayakata kwa kucha ya dole gumba kwa sababu kisu kinachelewesha. Kucha zangu sasa ni za kijani na hazitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Wiki hii mstari wa kumi na tatu umeanza kunitia wasiwasi. Majani yamepata mabaka, kijani kikali na kijani kilichofifia, kama kitambaa kilichochuja rangi. Msimamizi kasema ni njaa ya mbolea. Tumeongeza mbolea.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike. Barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa mbili za habari za paa linalovuja na paka wa jirani. Chini kabisa, kwa penseli, mwanangu Chiriku kaandika: "Baba, shangazi anakohoa sana. Kasema nisikuandikie." Usimgombeze. Niambie wewe mwenyewe: kikohozi kimeanza lini? Unatoka jasho ukilala? Nguo zako zimekuwa kubwa? Niliishia darasa la sita, lakini kwa hili sihitaji darasa la saba. Mama alianza hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyemwuguza, unakumbuka kuliko mimi. Na Chiriku, tangu mama yake afariki, analala kitanda kimoja nawe.

Nenda zahanati, Dada. Wakupime makohozi. Nijibu hilo kabla ya paka.

Mdogo wako, wa kucha za kijani


27 Februari

Bwana Nyanya,

Paka hajambo. Nimeanza naye makusudi.

Sisi pia hatujambo. Paa limezibwa, sasa linavuja mahali pengine. Chiriku amekuwa wa nne darasani, na mwalimu wake anasema angekuwa wa kwanza kama angefunga mdomo angalau siku za mtihani. Nimemwambia akitaka kukuandikia atumie karatasi yake, asichungulie chini ya yangu.

Hicho kikohozi unachokitangaza ni vumbi la pamba. Umesahau mwanzo wa mwaka ni msimu wa sare za shule. Nimeshona sketi hamsini na sita. Ukikaa na cherehani tangu asubuhi mpaka macho yaume, na chumba kizima nyuzi zinaelea, utakohoa hata kama kifua chako ni cha chuma. Kupungua nimepungua kwa sababu sina muda wa kukaa nile.

Zahanati unaijua ilipo, mkabala na duka la vitambaa. Benchi la wanaokohoa wameliweka nje, upande wa barabara, ili hewa ipite. Hewa inapita, na watu pia wanapita. Nikikaa pale asubuhi, kufika mchana kila mwenye kitambaa chake kwangu atakuwa ameshakifuata. Nani atavaa gauni lililoshonwa na mtu wa benchi lile, tena fundi mwenyewe anashika pini kwa midomo? Wewe uko mbali, unaweza kusema nenda. Ninayeishi hapa ni mimi.

Kwa hiyo usinitibu kwa barua. Tibu nyanya zako.

Dada yako


24 Machi
Miaka miwili, miezi sita na siku kumi na tisa tangu niondoke

Dada yangu,

Sijambo, na nimefurahi Chiriku kuwa wa nne. Mdomo huo kaurithi kwa shangazi yake. Huku mvua inapiga nailoni mpaka hatusikilizani, tunaongea kwa mikono.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hukujibu kuhusu jasho. Nimeliona hilo. Lakini leo nina jambo refu, na ukilisoma mpaka mwisho utajua kwa nini nakuambia wewe.

Mbolea haikusaidia. Mabaka yalihama kutoka mstari wa kumi na tatu yakaingia wa kumi na mbili, wa kumi na nne na wa kumi na tano, yakaishia ukingoni mwa mistari yangu kama vile yamewekewa mpaka. Majani mapya yalitoka membamba kama kamba za viatu. Ndipo wakamwita mtaalamu wa mimea. Ni mama mmoja mfupi, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Tunamwita Mama Lenzi, na yeye anajua. Akapita mistari yote, kisha akasimama kwangu.

"Mikono yako nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha.

"Huu ugonjwa ni wa virusi. Kirusi hakina miguu, hakina mbawa, hakina meno. Jani lina ngozi yenye nta juu, na chini ya nta kuna vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na ukuta wake. Kirusi peke yake hakiwezi kuingia mahali hapo hata kikikaa mwaka. Kinangoja mtu akitobolee." Akanishika dole gumba. "Nani anatoboa?"

"Mimi."

"Wewe. Unakata chipukizi la mche mgonjwa, unahamia kwa mzima na utomvu uko kuchani, unamfungulia mlango mgeni."

Nikamwuliza kikishaingia kinakula nini. Akacheka. Akasema hakili chochote, na hapo ndipo balaa. Nitakueleza kwa lugha yako. Ni kama mtu aingie chumba chako cha kushonea, aweke mezani kielelezo cha gauni lake, halafu cherehani yako ianze kushona gauni hilo tu, kwa uzi wako na kitambaa chako. Sare hazishonwi tena. Magauni yakijaa chumba, yanavuka kwenda chumba cha pili. Yale mabaka ni vyumba vilivyoacha kazi yao vikamshonea mgeni.

Sasa sikiliza hili. Kuhakikisha, alileta vyungu vitatu vya mmea ambao ni ndugu wa tumbaku. Akaponda jani gonjwa, akachukua maji yake, akayapaka kwa kidole juu ya jani la mmea ule pamoja na unga laini wa kuchubua ngozi. Akafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo.

"Mmea huu," akasema, "hauna dawa ya kirusi hiki. Ila unakitambua. Na ukikitambua, vyumba vinavyokizunguka vinajiua vyenyewe. Kirusi kinabaki ndani ya kilichokufa, hakina pa kwenda. Utaona doa kavu tu, na jani lingine lote zima. Nyanya zenu hazina akili hiyo. Zinakipokea."

Mimi nikakumbuka kitu kimoja. Alipokuwa akihojiana na msimamizi alisema kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye tumbaku iliyokauka miaka na miaka, kisife. Msimamizi akasema hapa hakuna mwenye tumbaku, watu wote wanavuta za pakiti. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mfuko wako uko kwenye suruali yangu.

Saa ya kula wenzangu walipotoka, nililoweka tumbaku kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Nikaenda kwenye chungu cha tatu, nikapaka jani moja lisilo na uzi, na unga ule ule. Nikanawa, nikaenda kula.

Hapo juu niliandika tarehe 24. Nikaiacha barua. Leo ni tarehe 28. Jani la uzi mwekundu limepata madoa. Na langu pia. Madoa ya kahawia, madogo, mviringo kama yametobolewa kwa pini. Nilihesabu ishirini na saba nikaacha.

Kwa hiyo ni mimi, Dada. Nilisokota tumbaku mapumzikoni, nikarudi na vidole vile vile nikakifungulia kirusi mlango. Na sikuambii ili uone vibaya. Hukujua, nami sikujua. Ilikuwa zawadi. Ilitoka kwako ikiwa kavu na safi, ina harufu ya nyumbani, huwezi kuiona kasoro.

Bado sijamwambia mtu. Kesho nitasema. Naweza kurudishwa, sijui. Lakini siku hizi nne nikingoja jani lile nimejifunza kwamba kungoja bila kujua kunachosha kuliko kujua. Usiku silali, mchana naona madoa hata kwenye ukuta.

Mimi nimejipima. Wewe kazi yako ni kutema kwenye kikopo tu. Mtoto wangu yuko nawe, na wewe ndiye mama pekee niliyebaki naye. Nenda.

Mdogo wako


9 Aprili

Ndugu yangu,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Mvua siku ya nne leo haijakatika, njia yote tope.

Barua yako ya darasa la mimea nimeipata. Nimekaa nikakausha tumbaku ile wiki tatu, naigeuza kila asubuhi, nikalipia posta, na sasa naambiwa nilikutumia ugonjwa. Ahsante. Halafu katika ukurasa huo huo naambiwa mimi mwenyewe ni ugonjwa. Mtu akiwa mbali anakuwa mjuzi.

Sina mengi. Chiriku nimemhamishia kitanda chake chumba cha cherehani, karibu na dirisha, kwa sababu ya joto. Amefurahi, anasema sasa ana chumba kama mwalimu mkuu. Nimeshona kimto kidogo cha pini, cha kufunga mkononi, ndiyo fasheni ya mafundi sasa.

Usiniandikie tena habari ya kikopo.

Dada yako


20 Mei
Miaka miwili, miezi minane na siku kumi na tano tangu niondoke

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na hasira zako, zote zimenifikia salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili, na zote nitazisema.

Ya kwanza. Nilisema. Nilimfuata Mama Lenzi asubuhi ile nikamkuta ameinamia chungu cha tatu, kioo jichoni.

"Jani hili halina uzi," akasema bila kugeuka. "Nani kalipaka?"

"Mimi."

"Umelipaka nini?"

Nikautoa mfuko wa tumbaku kwenye suruali nikauweka mezani. Akaunusa. Akasema, "Hii ni nzuri kweli," kisha akachukua kidogo, akakitia kwenye kichupa, akakiandika namba. Nikamwambia ni zawadi ya dada yangu. Akasema dada yako ana mkono mzuri, ila mkono wako usiguse nyanya zangu.

Msimamizi alikasirika, alisema maneno ambayo mtoto akisoma barua hii sitaki ayaone. Mama Lenzi ndiye aliyemkatiza. Alimwambia kuna mabanda manane hapa, na mpaka leo hakuna aliyejua mlango uko wapi, na aliyeuonyesha ndiye unataka kumfukuza? Sikufukuzwa. Nilipewa kazi ya kung'oa mistari yangu yote minne, mche kwa mche, niitie kwenye magunia na kuichoma nje. Miche niliyoifunga kamba mwenyewe. Siku sita. Ile ndiyo adhabu, na haikuwa ndogo.

Sasa kuna sheria mpya. Tumbaku haivuki lango. Na kabla ya kugusa mche tunanawa kwa sabuni, kisha tunachovya mikono katika ndoo ya maziwa ya unga yaliyokorogwa, yasiyo na mafuta. Maziwa yanakifunika kirusi kisiweze kushika. Kila miche mitano, unachovya tena. Ukituona, wanaume wazima tumejipanga na vidole vinadondoka maziwa, utacheka mpaka basi. Yule wa kukoroma anasema nyumbani kwao wafalme ndio waliokuwa wakinawa hivyo, ingawa kwao hawajawahi kuwa na wafalme. Mchana tunanuka kama watoto wachanga. Lakini wiki ya tano sasa hakuna baka jipya.

Sababu ya pili ya kuchelewa ni barua yako. Umesema umemhamisha Chiriku kwa sababu ya joto. Mistari mitatu juu yake umeandika mvua siku ya nne. Na kimto cha pini. Dada, mimi nimekujua ukiwa na pini midomoni tangu sijaweza kuhesabu. Ulikuwa unatugombeza kwa pua kwa sababu mdomo una kazi. Fasheni gani hiyo iliyokupata ukiwa na miaka arobaini na minne?

Najua unaogopa ninachokiogopa mimi. Ndiyo maana umemtoa mtoto kitandani. Umeshafanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni ndogo. Sitaandika neno kikopo kwa sababu umenikataza.

Mdogo wako


14 Juni
Miaka miwili, miezi tisa na siku tisa tangu niondoke

Dada,

Hujambo? Barua yangu ya Mei ilifika? Karani wa posta hapa anasema njia ni nzima, wengine wanapata zao.

Mimi sijambo, mgongo pia. Nimerudishiwa mistari miwili.

Kama umekasirika andika "nimekasirika" peke yake utie kwenye bahasha. Itanitosha.

Mdogo wako


26 Juni

Mdogo wangu,

Nimekasirika. Hiyo ndiyo ya bahasha. Sasa sikiliza.

Sisi ni wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Ile barua ya tarehe tisa Aprili niliiandika jioni kwa hasira, nikailamba bahasha, nikakohoa, na kitambaa nilichojizibia mdomo kikatoka na uzi mwekundu ambao haukuwa uzi. Asubuhi sikwenda posta kwanza. Nilikwenda benchi. Barua niliituma nikiwa narudi, maana nilikuwa nimeshalipia stempu.

Ni kifua kikuu. Nakuandikia jina lake zima ili usije ukadhani bado naficha.

Muuguzi wa pale ni kijana mwenye sauti ndogo, unainama kumsikia. Nilimwambia sijakaa na mgonjwa yeyote, nimetoa wapi? Akaniuliza kama niliwahi, hata zamani. Nikamwambia mama yetu, miaka ishirini na tisa iliyopita. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeuona mshono ulipokosewa.

Alinieleza hivi. Vijidudu hivyo viliingia kwangu wakati ule, nilipokuwa namwinua mama kitandani naye ananikoholea shingoni. Askari wa damu yangu walivikuta mapafuni, wakajaribu kuvimeza, vikawa vigumu kufa. Basi wakavizunguka. Wakapanga ukuta, wakalinda zamu. Vijidudu ndani, askari nje, miaka ishirini na tisa, na mimi nashona sketi sijui kitu. Msimu huu nimejichosha, sili, silali, ukuta ukapata ufa. Nilipomsikia nilikumbuka jani lako. Nikamwambia hata mimea hufanya hivyo. Akaniangalia, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia mdogo wangu yuko huko anasomea nyanya.

Kumbe mama aliniachia vitu viwili. Cherehani, na hivyo.

Sasa na hili lililo juu ya moyo wangu. Wewe umekua ukiamini ulipelekwa kwa mama mdogo kwa sababu ulivunja mtungi na ulikuwa mtundu. Nilikuacha uamini. Ulikuwa na miaka sita, ungelia usiondoke. Mama ndiye aliyekutoa. Siku ile hakutaka hata kukushika mkono, alisimama mlangoni akajifunika kanga mdomoni, na wewe ukamwangalia vibaya. Hakukuchukia. Alikuwa anahesabu hatua kati yako na kikohozi chake. Ulipoingia kwenye gari ndipo alipokaa chini. Mimi nilibaki kwa sababu lazima mmoja abaki, na nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilijiona mtu mzima.

Kwa hiyo niliposikia jina la ugonjwa, nilianza kumfungia Chiriku nguo zake nimpeleke kwa watu. Muuguzi akanikataza. Alisema zamani ilikuwa hivyo kwa sababu dawa hazikufika. Siku hizi ukianza kumeza, baada ya wiki chache mtu wa karibu hana cha kuogopa, mradi umeze kila siku na madirisha yawe wazi. Walimpima Chiriku. Hana ugonjwa. Wamempa vidonge vya kumkinga, amemeza huku akimweleza muuguzi jinsi ya kuvipanga kabatini. Kadi yangu ya dawa anaishika yeye. Kila asubuhi ananisimamia, "Fungua mdomo, shangazi, inua ulimi," halafu anatia alama kwa penseli ile ile aliyokuandikia wewe. Nimemsamehe penseli hiyo.

Nilianza dawa tarehe kumi na tano Aprili. Mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa, miguu inawaka, wiki ya kwanza nilitaka kumtupia muuguzi vidonge vyake. Wiki ya tatu nilipata njaa, nikala hadi nikaona haya. Juzi walinipima tena makohozi baada ya miezi miwili. Hayana kitu. Nilitaka nikuandikie jibu, sio wasiwasi, ndiyo maana nilinyamaza. Najua nimekutesa. Imebaki miezi minne ya vidonge vichache, na muuguzi ananiambia kila mara nisijidanganye nikaacha kwa kuwa nimepona, maana vilivyobaki vimejificha ndivyo vyenye roho ngumu.

Wateja walioniona benchini walikuwa watatu. Wawili walifuata vitambaa vyao, kweli, kama nilivyosema. Wa tatu ni yule mama mkubwa wa mwili, mwenye gauni la zambarau. Alikuja na uso wake mzito nikajua yamekwisha. Nikamwambia mwenyewe kabla hajasema, mimi natumia dawa za kifua kikuu.

"Mimi nilizimeza mwaka juzi," akasema. "Miezi sita yote. Kwa hiyo nimenenepa. Panua kiuno."

Nimekipanua. Tangu hapo ameniletea wateja wanne, na mmoja wa wale wawili amerudisha kitambaa chake, anajifanya alikipeleka kufua.

Dada yako, na kimto cha pini mkononi, kimenipendeza


15 Julai
Miaka miwili, miezi kumi na siku kumi tangu niondoke

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi ya nje, mikono ina maziwa, kwa hiyo ukurasa wa kwanza umeganda na ukurasa wa pili. Nilipofika "hayana kitu" nilirudi juu nikasoma tena kama mtu anayeangalia kama amehesabu vizuri. Kisha nikaenda kazini. Yule wa kukoroma aliniuliza mbona natabasamu na nyanya. Nikamwambia dada yangu amekasirika.

Sasa habari ya mama. Miaka yote nilikuwa nikiuona ule mlango, na yeye amejifunika mdomo, na mimi nikidhani anaficha kunichoka. Nilikuwa na jibu la kumpa siku tutakapokutana mbele za haki. Sasa sina jibu, nina shukrani tu, na yeye hayupo wa kupokea. Nakupa wewe. Wewe ndiye uliyebaki ndani ya chumba kile. Mche ule wa kupimia, Mama Lenzi alisema, unaacha sehemu yake ife ili jani lililobaki liwe zima. Niliisikia siku ile kama somo la kazi. Sasa najua ni nani jani lililobaki.

Basi, yatosha, nisije nikaloanisha na huu ukurasa.

Mistari yangu minne imepandwa upya, miche mizima. Tumbaku yako nyingine niliichoma pamoja na magunia. Ile ya kichupa bado iko maabara na namba yake, haijawahi kutokea tumbaku ya ukoo wetu kusoma mpaka huko. Sijavuta tangu Aprili. Kwa hiyo kile kijishamba cha nyuma ya jiko kibadilishe, panda chochote kinacholiwa. Nitakulimia mimi.

Mwishoni mwa Septemba nyanya zote zinang'olewa, wanapumzisha udongo, na mkataba wangu unakwisha pamoja nazo. Msimamizi ameniuliza kama nitasaini tena. Nimemwambia nitamjibu nikiwa nyumbani.

Nimehesabu kadi yako kwa vidole. Ukianzia tarehe kumi na tano Aprili kwenda mbele miezi sita, unafika katikati ya Oktoba. Mwambie Chiriku akae na penseli yake tayari, ila alama ya mwisho namwomba aniachie niitie mimi. Nikichelewa njiani usiningoje hata saa moja, meza, alama nitaitia nikifika. Lakini sitachelewa. Nitafunga mizigo tarehe tisa Oktoba, na nategemea kuingia kwako tarehe kumi na tatu, mchana, madirisha yakiwa wazi.